Tiki-tiki mara nne kwa sekunde: kisa cha CD ya taarab iliyogoma kuingia kwenye kompyuta

CD yenyewe ni ya kiwandani, si ya kuchomwa nyumbani. Ina nyimbo 8 za taarab, jumla dakika 62 na sekunde 40. Imekaa miaka kwenye pochi ya plastiki ndani ya gari, Tanga, kabla mwenyewe hajataka kuihamishia kwenye kompyuta. Juu ya lebo ameandika jina lake kwa kalamu ya wino na kulipigia mstari. Upande wa kusomea una alama za vidole ukingoni na mikwaruzo midogo iliyosambaa, kama ilivyo kwa diski yoyote iliyochomolewa na kurudishwa pochini mara nyingi.

Mara ya kwanza ilinakiliwa kwa programu ya kawaida ya kupigia muziki, kwenye laptopu yenye draivu nyembamba ya nje, ya USB. Kazi ikaisha kwa dakika chache, faili 8 zikatokea, hakuna onyo lolote. Kasoro zilijulikana siku ya kusikiliza. Wimbo wa 6 unatoa tiki-tiki ya mfululizo kuanzia 4:05 hadi 4:52, kisha unatulia kana kwamba hakikutokea kitu. Wimbo wa 8, kuanzia 6:50 hadi mwisho, sauti inakatika, inarudi, inapotea tena. Deki ya sebuleni, kwa upande wake, inaupiga wimbo wa 6 bila tiki hata moja, ingawa wa 8 nayo inaruka.

Dawa iliyojaribiwa ni ile inayojulikana mtaani: dawa ya meno, ikasuguliwa kwa kuzungusha upande unaong'aa. Wimbo wa 6 haukubadilika hata kidogo. Wa 8 ukazidi kuharibika.

Matokeo hayo mawili, moja lisilobadilika na lingine lililozidi, yalitosha kuonyesha kuwa diski moja imebeba maradhi mawili tofauti.

Faili lililotoka bila onyo

Programu nyingi za kupigia muziki hunakili CD kwa mkupuo. Huiomba draivu sekta (kipande kidogo cha data) baada ya sekta, hupokea inacholeta, huandika, basi. Hazirudi kuuliza mara ya pili. Draivu ikileta sekta iliyobuniwa badala ya iliyosomwa, programu haina habari, na faili litakuwa na urefu sahihi kabisa. Wimbo wa 6 una dakika 6 na sekunde 55, yaani sekunde 415. Kila sekunde ya CD ni baiti 176,400. Faili la WAV, yaani la sauti isiyobanwa, likawa na baiti 73,206,044, zile 44 za ziada zikiwa kichwa cha faili. Ukubwa ulitimia hadi baiti ya mwisho, na wimbo ulikuwa mbovu. Ukubwa wa faili hauthibitishi chochote.

Kwa kazi hii, programu inayogoma saa nzima na kusema wazi kwamba sekta fulani haikupatikana ni bora mara kumi kuliko inayomaliza kwa dakika sita na kunyamaza. Anayehamisha mkusanyiko wa CD mia mbili kwa programu ya aina ya pili atakuja kugundua kasoro miaka mitano baadaye, wakati diski zenyewe zimeshagawiwa au kutupwa.

Kwa nini CD ya sauti haina subira

Kanuni za CD ya sauti zilitungwa na Philips na Sony mwaka 1980, na CD ikaingia sokoni mwaka 1982. Lengo lilikuwa deki ipige muziki bila kusimama. La kunakili kwenye kompyuta halikuwamo. Sekunde moja ya muziki imegawanywa sekta 75, kila sekta baiti 2,352. Ndani ya sekta mna fremu ndogo 98, na kila fremu hubeba baiti 24 za muziki pamoja na baiti 8 za kurekebishia. Marekebisho yana ngazi mbili, C1 na C2, na kabla ya kuandikwa data hutawanywa: sampuli (vipimo vidogo vya sauti) zinazofuatana masikioni hazikai pamoja kwenye diski, bali zimesambazwa katika fremu zaidi ya mia moja, karibu sentimita 2 za njia. Ndiyo maana kovu linalofuta kipande cha njia kisichozidi takriban milimita 2.5 hurekebishwa chote, biti kwa biti.

Kovu likizidi hapo, deki hukisia. Huchukua sampuli iliyotangulia na inayofuata, ikaziba pengo la katikati. Kwa pengo la hadi milimita 7 au 8 hivi sikio huwa halitambui. Zaidi ya hapo, deki hunyamazisha.

CD ya data ina ngazi ya tatu. Katika baiti zilezile 2,352 za sekta, mtumiaji hupewa 2,048 tu, na sehemu ya zilizobaki, baiti 276, ni marekebisho ya ziada. CD ya sauti haina akiba hiyo. Tena sekta ya sauti haibebi anwani yake ndani ya data, kwa hiyo draivu ikiambiwa irudi sekta fulani inaweza kutua sampuli kadhaa kabla au baada yake. Ndiyo sababu programu kama cdparanoia husoma vipande vinavyopandana na kuvilinganisha kabla ya kuviunga.

Kwa hiyo deki ya sebuleni haikuusoma wimbo wa 6 vizuri kuliko kompyuta. Iliuziba. Draivu ya laptopu ilikutana na pengo hilohilo, lakini si kila draivu ya kompyuta hukisia inapotoa sauti kama data. Hii ilileta takataka kama zilivyo, na takataka hizo ndizo tiki.

Kuisoma upya, kwa kulazimisha

Kwenye Linux kazi hii hufanywa na cd-paranoia, au whipper inayoitumia kwa ndani. Kwenye Windows ni Exact Audio Copy, maarufu EAC, katika hali yake ya usalama. Kwenye Mac ni XLD. Zote hufanana kimsingi: kila kipande husomwa angalau mara mbili, na visipofanana hurudiwa. EAC, kwa mfano, ikikuta tofauti husoma hadi mara 16 na kutaka 8 kati ya hizo zifanane. Ikishindwa huanza duru nyingine, na mwishoni huandika kwenye ripoti saa ya mahali inapopashuku.

Kabla ya hapo kuna mtego mmoja: kumbukumbu ya muda ya draivu yenyewe. Draivu nyingi huhifadhi sekta zilizotoka kusomwa. Ukiziomba tena, hukupa zilezile kutoka kwenye kumbukumbu bila leza kugusa diski. Programu itadhani imesoma mara mbili, kumbe imesomewa risala moja mara mbili. Kwa cd-paranoia, amri `cd-paranoia -A` hupima tabia hiyo. Kwa whipper ni `whipper drive analyze`. Kwenye EAC kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba draivu huhifadhi data ya sauti. Ukiwa na shaka, kiwekee alama, hasara yake ni muda tu.

Kasi nayo ni muhimu, hasa kwa wimbo wa 8. Draivu inayozunguka kwa mwendo mmoja husoma kwa kasi zaidi kadiri inavyokwenda ukingoni, na ukingoni ndiko kuna vidole, mtetemo na kupinda. Hapa ilipunguzwa hadi mara 4 ya kasi ya kawaida ya kupiga muziki:

`eject -x 4 /dev/sr0`
`cd-paranoia -d /dev/sr0 -S 4 --never-skip=40 6 wimbo06.wav`

Ile 40 ni idadi ya majaribio kabla ya kukata tamaa mahali pamoja. Ukiandika `-z` (kifupi cha `--never-skip`) bila namba, programu haitakata tamaa kamwe: kwenye tundu la kweli itakesha, draivu ikichemka bure.

Kwenye wimbo wa 6 usomaji uliendelea, lakini sehemu ileile ilirudiwa na kurudiwa, na namba ya ukaguzi ya usomaji wa kwanza na wa pili, CRC, hazikufanana. Wimbo wa 8 ulikuwa hadithi nyingine. Draivu ilisimama, ikaguna, ikajizima na kuwaka, na `dmesg`, amri inayoonyesha taarifa za mfumo wa Linux, ikaonyesha "Medium Error" ikifuatwa na "Unrecovered read error". Kwa lugha ya kawaida: leza imepoteza njia kabisa. Programu haihusiki hapo.

Ramani ya makosa

Wengi hapa hukimbilia kusugua. Lakini saa ambayo kosa linaanza na kuisha inaweza kukuambia liko wapi kwenye diski, lina umbo gani, na hata liko upande gani, kabla hujagusa kitu.

Muziki kwenye CD huanza milimita 25 kutoka kitovu cha diski na kwenda nje kwa njia ya mzunguko, kila duru ikiwa mbali na jirani yake kwa maikromita 1.6. Mwendo wa njia chini ya leza ni kati ya mita 1.2 na 1.4 kwa sekunde, kutegemea diski. Zidisha sekunde zilizopita kwa mwendo huo na kwa 1.6, gawanya kwa pai, jumlisha 625 (25 mara 25), kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Ukiweka mwendo kwa milimita na maikromita 1.6 kama milimita 0.0016, jibu linakuja kwa milimita.

Wimbo wa 6 unaanza 40:25 tangu mwanzo wa diski, hivyo kosa linaanza 44:30, sekunde 2,670. Mwendo ukiwa 1.2, jibu ni milimita 47.5 kutoka kitovuni. Ukiwa 1.4, ni 50.3. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa rula, lakini tiki zenyewe zinaisuluhisha. Faili lilifunguliwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, likakuzwa, na umbali kati ya tiki na tiki ukapimwa: sekunde 0.237, bila kuyumba, kama saa ya ukutani. Hiyo ni duru moja ya diski. Diski yenye mwendo wa 1.2 ingetoa 0.249 mahali hapo, na ya 1.4 ingetoa 0.226. Inayotoa 0.237 ni ya mwendo wa 1.3, na kovu lake liko milimita 48.9 kutoka kitovuni. Kwa hesabu ya sekta, kila duru hapo ni sekta 17 au 18. Anayetumia `cd-paranoia -e` na kugawanya namba zinazotokea kwa 1,176 ili kupata sekta ataona makosa yakiruka kwa hatua hizo: 200250, 200268, 200286, 200303.

Tiki moja kwa kila duru maana yake ni kovu moja tu, linalopitiwa kila diski inapozunguka. Vumbi au mikwaruzo iliyosambaa isingekuwa na mapigo sawa hivyo.

Halafu tazama muda. Sekunde 47 ni duru 198. Mara maikromita 1.6, unapata milimita 0.32. Huo ndio upana wa kovu kutoka ndani kwenda nje, na hapa ndipo dawa ya meno inapojibiwa. Unene wa CD ni milimita 1.2, na leza inapoingia kwenye plastiki haijakusanyika bado; pale juu ya uso doa lake lina upana wa karibu milimita 0.8. Mkwaruzo wa upande wa kusomea, hata uwe mwembamba kama unywele, hutia kivuli chenye upana usiopungua wa doa hilo: duru 500 hivi, karibu dakika 2 za muziki, na kivuli hicho huingia taratibu na kutoka taratibu. Kosa lililoanza ghafla, likaisha ghafla, na kuchukua sekunde 47 ni jembamba mno kuwa la upande huo. Liko kwenye tabaka la aluminiamu lenyewe, na aluminiamu iko juu, chini ya lebo, ikikingwa na utando mwembamba wa vanishi tu.

Diski iliinuliwa mbele ya tochi ya simu, rula ikawekwa kutoka kitovuni. Kwenye milimita 49 kasoro kidogo, kijimstari cha mwanga kilipenya, urefu wa milimita 6 hivi, kikilalia njia. Juu yake, upande wa lebo, ni pale mstari chini ya jina ulipokandamizwa zaidi.

Kalamu ya wino ina gololi ya chuma, na mkono unaopiga mstari hukandamiza kuliko unaoandika herufi. Herufi zenyewe nazo ziliacha vitundu, vinaonekana kwa tochi, lakini hakuna wimbo ulioharibika mahali pao, kwa kuwa kila mkato wa herufi unakata njia kwa chini ya milimita 2.5 na C2 inaumudu. Mstari umeifuata njia kwa milimita 6. Hapo marekebisho yameisha, umebaki uwanja wa kukisia, na hilo ndilo lililoipa deki ya sebuleni nafasi ya kujifanya nzima. Kama jina lingeandikwa kuelekea kitovu badala ya kuzunguka, pengine hata kompyuta isingelalamika. (Kwa kuandika juu ya CD, tumia kalamu ya ncha laini isiyokandamiza, kwenye pete ya plastiki tupu iliyo karibu na tundu.)

Wimbo wa 8: maji na sabuni

Kosa la wimbo wa 8 linaanza 61:00. Kwa mwendo uleule wa 1.3 hiyo ni milimita 55.2 kutoka kitovuni, na muziki unaishia 55.8, ukingo wa diski uko 60. Ni ukanda unaoshikwa na vidole kila mara. Tiki zake hazikuwa na mapigo, na kosa liliingia polepole. Dalili zote za uchafu wa juu juu, uliozidishwa na mikwaruzo ya kuzunguka ya dawa ya meno.

Ilioshwa hivi. Kwanza maji yanayotiririka, ili mchanga uondoke kabla ya kitu chochote kugusa uso. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa ni mkwaruzo mpya. Maji yawe ya kunywa, kwa maana maji ya kisima ya pwani yakikauka huacha chumvi. Kisha tone moja la sabuni ya vyombo, kusugua kwa ncha za vidole kutoka tunduni kwenda ukingoni, suuza, kung'uta, na kukausha kwa kitambaa laini cha kufutia miwani, tena kutoka ndani kwenda nje. Mafuta ya nazi ya vidoleni yakigoma, pamba yenye spiriti kidogo, pasi moja, halafu maji. Thina na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha hazina nafasi hapa: hula polikaboneti na kuiacha na ukungu usiotoka.

Mwelekeo wa kufuta si adabu tu. Mkwaruzo unaotoka ndani kwenda nje hukata kila duru kwa upana wake mdogo, na C2 huumeza. Unaozunguka huifuata njia, na hapo milimita 2.5 hupita haraka. Dawa ya meno ni mchanga laini ndani ya krimu. Ina uwezo wa kulainisha kingo za mkwaruzo mmoja wa juu juu, lakini ikisuguliwa kwa kuzungusha inaacha mamia ya mikwaruzo ya aina mbaya.

Baada ya kuoshwa, wimbo wa 8 ulisomwa kwa kasi ya mara 4 hadi 6:50 bila tatizo, ukagoma tena sekunde chache, kisha ukasimama. Sababu ya pili ilikuwa umeme. Draivu nyembamba ya USB inapotafuta njia kwa nguvu huhitaji mkondo mkubwa, na tundu la USB 2.0 lina ahadi ya miliampea 500 tu. Hii ilikuwa imechomekwa kwenye kigawanyaji pamoja na kipanya na flashi. Ilipohamishiwa moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0 la laptopu, wimbo wa 8 ulitoka wote, mara mbili, CRC moja. Ulisomwa tena kwa draivu kubwa ya kompyuta ya mezani na CRC ikawa ileile. Ukafungwa ukurasa wake.

Wimbo wa 6 na ulinganifu wa uongo

Draivu hiyo ya mezani ilipewa wimbo wa 6 pia. Ilichukua muda kidogo, ikatoa faili, na usomaji wa pili ukatoa CRC sawa na wa kwanza. Ungefikiri kazi imekwisha. Lakini kwenye Audacity, kati ya 4:05 na 4:52, bado kulikuwa na vijipengo kila sekunde 0.237, safari hii vimelainishwa, bila tiki kali. Draivu hii hukisia, na hukisia vilevile kila mara. Usomaji mara mbili kwa draivu moja unathibitisha kwamba draivu ina msimamo; hauthibitishi kwamba imesema kweli. Ni kosa ambalo hata wazoefu huliangukia, kwa sababu ripoti inasoma vizuri.

Ushahidi wenye uzito hutoka nje ya draivu yako. AccurateRip hulinganisha namba ya wimbo wako na za watu wengine walionakili diski hiyohiyo, na CUETools DB huhifadhi data ya ziada inayoweza hata kurekebisha makosa yakiwa machache. AccurateRip inataka uweke ofseti ya draivu yako, idadi ya sampuli ambazo huanza kusoma mapema au kuchelewa: +6 kwa draivu nyingi za LG na Lite-On, +667 kwa baadhi ya Pioneer, +30 kwa baadhi ya Plextor za zamani. Diski hii haikuwamo kwenye hifadhi zote mbili. CD nyingi za taarab zilizotolewa kwa idadi ndogo hazimo, kwa hiyo mwenye mkusanyiko wa aina hii asijenge tegemeo huko.

Kusugua, kama tulivyoona, hakuna maana. Hakuna sabuni inayorudisha aluminiamu. Kilichobaki ni diski nyingine.

Diski mbili, wimbo mmoja

Nakala ya pili ya CD hiyo ilipatikana kwa jamaa wa familia. Nayo haikuwa salama, ilikuwa na kovu kwenye wimbo wa 2, lakini wimbo wa 6 ulisomeka mzima kwa draivu zote mbili, CRC moja. Kabla ya kuupokea ilibidi kujua kama diski hizi mbili zimebeba sauti ileile, maana toleo la pili linaweza kuwa limepandishwa sauti au kurekebishwa kiwandani. Namba iliyochongwa kwenye pete ya ndani, karibu na tundu, haikufanana. Hiyo pekee si hukumu. Huenda ni bamba tofauti la kubonyezea lililotokana na mkanda mmoja.

Jaribio lilifanywa kwa wimbo wa 3, uliokuwa mzima kwenye diski zote. Faili la pili lilionekana kuchelewa kwa sampuli 102, sawa na sekunde 0.0023. Likakatwa mbele kwa kiasi hicho, kisha moja likatolewa kwenye jingine kwa sox, programu ya kuhariri sauti kwa amri:

`sox -D b03.wav b03x.wav trim 102s`
`sox -D -m -v 1 a03.wav -v -1 b03x.wav tofauti.wav`
`sox tofauti.wav -n stat`

Hiyo `-D` huzuia sox kuongeza kelele zake ndogo za kulainisha. Ukiisahau, tofauti huenda isifike sifuri na utadhani sauti ni mbili. Kipimo cha juu kabisa kilitoka 0.000000, ukiacha zile sampuli 102 za mwisho ambazo faili la pili halikuwa nazo. Sauti ni moja, zimetofautiana mahali pa kuanzia tu.

Wimbo wa 6 ukasomwa upya kutoka diski ya pili, ofseti ikisogezwa kwa 102 ili uanze na kuishia palepale unapoanzia wa diski ya kwanza: draivu yenye +6 hapa iliwekwa `-O 108`. Upande wa kusogeza hujaribiwa. Ukikosea, tofauti huwa sampuli 204 badala ya 0. Kisha ulilinganishwa na ule mbovu kwa njia ileile. Kimya cha sifuri hadi 4:05, vishindo kila sekunde 0.237 hadi 4:52, kimya tena hadi mwisho. Picha hiyo ilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kipande kilichoingizwa ni halali, na dakika nyingine zote za wimbo wa 6 wa diski ya kwanza zilikuwa zimesomwa sawasawa tangu mwanzo.

Kama diski ya pili isingepatikana

Ingebidi kuchagua usomaji wenye madhara machache zaidi, na huo ni wa draivu ya mezani inayokisia. Sehemu mbovu peke yake husomwa mara nyingi kwa draivu tofauti bila kupoteza muda kwa wimbo mzima:

`cd-paranoia -S 4 "6[4:00]-6[5:00]" kipande.wav`

Ujaribu draivu tatu au nne kabla ya kukubali. Draivu za zamani za kompyuta za mezani, zinazotupwa kwa mafundi kwa bei ya chai, mara nyingi huvumilia kuliko za USB. Tiki zilizobaki huzibwa kwa mkono kwenye Audacity, lakini zana yake ya kukarabati inapokea sampuli 128 tu kwa mara moja, takriban sekunde 0.003, na pengo la milimita 6 ni refu kuliko hapo. Inabidi kutumia kiondoa tiki kwa sehemu nzima na kusikiliza kama hakijala mdundo wa dumbaki. Mradi uwe wa biti 16, na ulainishaji wakati wa kutoa faili uzimwe, la sivyo hata sekunde zilizokuwa nzima hubadilishwa.

Faili ghafi, lenye tiki zake, lisifutwe. Liwekwe pamoja na lililokarabatiwa, yote FLAC (umbo la faili linalobana sauti bila kuipunguza), na kwenye maelezo ya faili paandikwe kipi kimefanywa: hapa imeandikwa "wimbo 6 kutoka nakala ya pili, ofseti 102", pamoja na CRC ya nyimbo zote 8.